Kapeti ya nyasi iliyopanda basi

Fundi hakujali rangi ya kipande kile. Aliipokea leso mkononi mwa Khalati, dada ya mama yangu, akaifungua juu ya meza ya karakana yake kando ya Barabara ya Enterprise, akakipindua kile kipande cha kapeti ya nyasi bandia, kijani kikalala chini na mgongo mweusi ukawa juu. Akaupitisha ukucha wa kidole gumba. Unga mweusi ukamwagika mezani.

"Mama, nyasi yako ni nzima," akasema. "Kilichokufa ni hiki cha chini."

Khalati alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Mombasa, kipande kimo mkobani pamoja na achari ya maembe aliyoniletea. Hakujibu upesi. Aliutazama ule unga, kisha akanitazama mimi.

"Aliyeniuzia aliniapia, mwanangu. Alisema hazitaki kazi. Utaweka, utasahau."

Fundi akacheka, ila kwa adabu.

Kicheko kile kimenisumbua wiki nyingi. Khalati hakuwa amenunua kitu cha wizi. Alikuwa amelipa vizuri, ametandikiwa na watu wenye vyeti waliotoka huku Nairobi, na kila Ijumaa alikuwa akiziosha nyasi zake kwa mkono wake mwenyewe. Sasa nani alikosea, na wapi?

## Utaweka, utasahau

Maneno hayo sote tulio Nairobi tunayajua. Kinyozi ametandaza kapeti ya nyasi mlangoni, mwenye mkahawa ameibandika hadi ukutani, mwenye kuosha magari ameiweka pale wateja wanapokaa kunywa soda. Hata kwenye roshani ya nyumba ninayopanga South C ninayo, mita chache tu, na sijawahi kuifanyia zaidi ya kuifagia. Imedumu. Kwa hiyo muuzaji wa Nairobi anaposema utaweka utasahau, haongopi sana.

Tabu ya Nairobi iko kwingine. South C, South B, Embakasi, kote huko tumejenga juu ya ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Tandika nyasi bandia juu yake bila kuuondoa, na baada ya misimu michache kiwanja kimeota mabonde na vilima. Ndiyo maana fundi mzuri wa hapa hutumia muda mwingi kuchimba kuliko kutandika. Anautoa udongo, anajaza maramu, anashindilia, anaweka kokoto, kisha vumbi la mawe la kutoka kwari, anashindilia tena.

Anajua pia kwamba jua la huku ni kali kuliko tunavyolihisi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ubaridi wa asubuhi hutusahaulisha. Nyuzi za plastiki hazisahau. Zisipotiwa kinga kiwandani, hupauka na kukatika.

Huo ni ujuzi halisi, na kuna watu wamepoteza pesa ndipo ukapatikana. Lakini ni ujuzi wa Nairobi.

Khalati anakaa Bamburi, upande wa bahari.

(Nilipoanza kusoma asili ya kitu hiki nilicheka peke yangu. Uwanja wa Astrodome wa Houston, Marekani, ulifunguliwa 1965 ukiwa na paa la kupitisha mwanga na nyasi za kweli chini yake. Wachezaji wa besiboli wakalalamika kwamba mwanga wa paani unawazuia kuuona mpira. Paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua, zikafa. Mwaka 1966 zikaletwa za plastiki, na jina AstroTurf likatokea hapo. Yaani umaarufu wake ulianzia chini ya paa, mahali pasipo na mvua wala upepo wa kusi.)

## Mgongo

Tuliporudi nyumbani South C, Khalati alikaa jikoni akasema jambo ambalo kwangu lilionekana wazi: ni chumvi. Upepo wa bahari unakula mabati, unakula friji, unakula bawaba za milango, basi umekula na nyasi. Nilikubaliana naye. Nani asingekubali?

Fundi ndiye aliyenirudisha nyuma, kwa simu, jioni ile. Nyuzi zile ni polithini, akasema, na chumvi haili polithini. Mitungi ya maji ya bahari imetengenezwa kwa nini? Plastiki hiyo hiyo. Kinachozishika nyuzi zisichomoke ni mgongo: kitambaa cha plastiki kilichofumwa, kisha kikapakwa tabaka la kunata. Kapeti za bei nafuu hupakwa mpira wa lateksi. Za bei ya juu hupakwa polyurethani. Lateksi ikikaa kavu haina neno. Ikikaa ndani ya maji, tena maji ya moto, mwezi baada ya mwezi, inalainika, inachoka, mwisho inakuwa unga.

"Muulize Mama, chini kuna nini," akasema.

Chini kulikuwa na vitu viwili, na hapo ndipo hadithi ilipogeuka.

Ua wa Khalati umegawika. Nusu ni slabu ya saruji iliyofunika birika la zamani. Nusu ni ardhi ya mchanga, na ukichimba kidogo unagonga mawe ya matumbawe. Kapeti ilitandikwa moja kwa moja juu ya zote mbili. Kipande alichotuletea alikikata upande wa slabu, kwa kuwa ndiko mshono ulikoinuka na wajukuu wakawa wanajikwaa.

Nikampigia binamu yangu aliye Bamburi, nikamwomba ainue pembe ya upande wa mchanga anitumie video. Akainua. Akakwaruza kwa kisu mbele ya kamera. Mgongo mgumu, mweusi, mzima. Akaushika uzi mmoja kwa koleo akavuta, ukakataa kung'oka.

Kapeti ile ile. Jua lile lile, upepo ule ule, mwaka ule ule wa kutandikwa.

Mgongo huo una matundu, yametobolewa kila baada ya sentimita 10 hivi, ili mvua ipite. Juu ya mchanga maji yanapita na kuzama. Juu ya slabu bapa yanapita, yanakutana na saruji, yanakaa. Nairobi yangekauka. Mombasa asubuhi nyingi unyevu wa hewa hupita asilimia 80, na Mei, mvua za masika zinapochachamaa, slabu ile huenda isione ukavu mwezi mzima.

Mafundi waliotoka huku walikuwa wamefurahi kukuta saruji. Nadhani nawaelewa. Mtu aliyezoea kupigana na udongo mweusi akikuta sakafu ngumu isiyotikisika, anaona kazi imeisha kabla ya kuanza.

## Maji ya kisima

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimepata jibu, na lilikuwa zuri: tatizo ni slabu. Lakini video ya binamu ilikuwa imeonyesha kitu kingine nilichokipita mara ya kwanza. Upande wa mchanga, nyuzi zilikuwa zimelala chini, ngumu, na mashina yake yana weupe.

"Khalati, Ijumaa unaosha kwa maji gani?"

"Ya kisima. Ya bomba ningeyapata wapi kila wiki?"

Anayeijua Mombasa hahitaji kuelezwa. Maji ya mfereji huja yanapotaka, na visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi. Kwa hiyo kila wiki, kwa moyo wote, Khalati alikuwa akiongeza chumvi mahali alipodhani anaiondoa. Maji yanakauka, chembe zinabaki. Chumvi haiyeyushi uzi, lakini inanyonya unyevu wa usiku, inashikana na vumbi, na wajukuu wakikimbia juu yake inasugua nyuzi kama msasa.

Halafu mchanga. Nyasi za aina hii, zenye nyuzi za milimita 35 hadi 40, hutaka kujazwa mchanga katikati ya nyuzi ili zisimame na kapeti ipate uzito wa kulala. Mchanga unaofaa ni wa silika, uliooshwa, wa punje za mviringo. Kwa Khalati walijaza mchanga wa ufuoni. Hatua chache tu kutoka nyumbani, bure, mweupe, mzuri kwa macho. Mchanga wa ufuo ule kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Unakuja na chumvi yake, unavunjika kuwa unga, na unga ukishika maji unaziba yale matundu.

Nilipomweleza fundi, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama Mombasa hakuna hoteli.

Sikuelewa.

"Hoteli zina mabwawa ya kuogelea. Mabwawa yana machujio. Ndani ya chujio kuna nini? Mchanga wa silika. Wanaouza vifaa vya mabwawa wanao."

Kwa kujua tu hilo, nilihisi safari nzima ya kule karakana imejilipa.

Kuhusu kuosha, tuliafikiana hivi: mara chache zaidi, lakini kwa maji matamu, yaani ya mvua yanayovunwa paani au ya bomba yakija. Ufagio mgumu wa nailoni, ukifagia kinyume na ulalo wa nyuzi. Brashi ya waya isiguse kabisa. Pale penye kivuli cha mwembe, ambako utelezi wa kijani huota, siki na maji nusu kwa nusu, kisha kusuuza. Khalati alikuwa akitumia Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Inaua ukungu, ndiyo, lakini kuimwaga kali kila wiki juu ya nyuzi na lateksi ni kuharakisha uchakavu. Harufu ya paka nimeiacha. Paka wa Mombasa wana haki zao za zamani, nami si wa kuwapangia.

## Baada ya laasiri

Niliteremka Mombasa nikiwa na mkebe wa gundi ya polyurethani, utepe mpana wa kuunganishia, na maelekezo ya fundi yaliyoandikwa nyuma ya risiti. Fundi mwenyewe hakuweza kuja. Binamu akamleta mzee mmoja wa mtaani anayetandika mazulia ya misikiti.

Yule mzee aliyasoma maelekezo ya Nairobi kwa heshima. "Fanya kazi asubuhi mapema, kabla jua halijapanda." Akakunja risiti.

"Asubuhi hapa kuna umande, mwanangu."

Mantiki ya Nairobi ilikuwa sahihi. Plastiki ikipata joto hutanuka. Ukiunganisha saa sita mchana, usiku itajikunja na mshono utafunguka. Lakini gundi ile hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, na ikimwagwa juu ya kitu chenye majimaji huumuka mapovu. Ukiinua baadaye unakuta sifongo badala ya gundi. Asubuhi ya Bamburi saruji imelowa. Adhuhuri kapeti imetanuka, na juani joto la uso wake linaweza kupita nyuzi 60, hukanyagi kwa mguu mtupu. Mzee akachagua baada ya laasiri: saruji imekaushwa na jua la mchana, kivuli kimeingia, na kuna saa kadhaa kabla umande haujashuka. Akaonya pia kwamba kwa unyevu wa pwani gundi ingekauka kabla hatujamaliza, basi tupake kipande kidogo kwa kipande kidogo.

Alikata kutoka mgongoni, kisu kikipita katikati ya mistari ya nyuzi, akaitoa mistari miwili mitatu ya ukingoni iliyokwisha kulegea. Akahakikisha pande zote mbili nyuzi zimelala kuelekea upande mmoja, maana zikipingana jicho litauona mshono hata ukiwa mzuri vipi. Akaacha nafasi kati ya pande mbili sawa na ile iliyoko kati ya mstari na mstari, si zaidi. Kisha akaweka matofali juu ya mshono, akaenda zake kuswali magharibi.

Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi polepole hivyo kwa haraka hivyo.

## Nyasi zenyewe zilitoka wapi?

Hapa niseme jambo tuliloliamua kabla ya gundi kufunguliwa, na ndilo lililoninyima usingizi.

Njia rahisi ilikuwa kununua kapeti mpya ya kufunika slabu. Pesa ilikuwepo, tungechanga. Lakini kila nilipofikiria roli jipya la plastiki likishushwa mita mia chache kutoka baharini, moyo ulisita. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Juni 2020 ikafuata marufuku ya plastiki za kutumiwa mara moja kwenye fuo na mbuga zilizohifadhiwa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha 2023 sheria itakayokomesha uuzaji wa chembe za plastiki zinazojazwa kwenye viwanja vya nyasi bandia, wakapewa miaka 8 ya kujipanga. Nasi tunatandaza plastiki ndefu, yenye maelfu ya nyuzi, mahali ambapo kila uzi unaokatika unasombwa na mvua hadi mtaroni, na mtaro unajua unakokwenda.

Nilimwambia Khalati kwamba pengine tuing'oe yote.

"Na hawa watoto watacheza wapi, juu ya saruji? Na mimi magoti haya, nitafyeka na nani?"

Sikuwa na jibu. Ni rahisi kuwa na msimamo kuhusu bahari ukiwa South C.

Wazo lilitoka kwa binamu, tena kwa mzaha. Kama upande wa mchanga kapeti ni nzima, akasema, na upande wa mchanga ndiko kunakoota kitu, mbona tusihamishe? Tuing'oe ile nzima, tuilete juu ya slabu. Pale mchangani tupande nyasi za Mungu.

Tulicheka, halafu tukanyamaza, halafu tukaanza kupima.

Ilifaa pia kwa sababu ambayo mafundi wanaijua: kiraka kipya kwenye nyasi bandia za zamani huonekana kutoka barabarani, kwa kuwa za zamani zimepauka. Kwa kawaida hukatwa kipande cha nyuma ya tangi, mahali pasipoonekana, ndicho kiwe kiraka. Sisi tulikuwa na nusu ua mzima wa viraka vya rangi moja.

Slabu ilipigwa plasta nyembamba yenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mtaroni. Juu yake tukalaza mikeka ya plastiki yenye vinundu, ile inayoinua kapeti ili maji na hewa vipite chini. Ndiyo, plastiki nyingine. Nimejihoji kuhusu hilo na sijaridhika. Mgongo bado ni wa lateksi, na sitamwapia Khalati miaka. Kapeti iliyokufa ilikunjwa ikapelekwa jaani, na jaa la Mombasa siku hizi ni Mwakirunge. Sina maneno mazuri ya kusema juu ya hapo.

## Nyasi za Pemba

Huku bara tumezoea nyasi za Kikuyu, zinazopenda ubaridi wa milimani kwao. Pwani watunza bustani wana nyasi za Pemba: majani mapana, zinatambaa kwa vikonyo, zinastahimili kivuli na upepo wa chumvi. Hupandwa kwa kukata vikonyo na kuvifukia kwa mistari. Hakuna mbegu, hakuna roli, hakuna muuzaji wa kukuapia chochote. Jirani wa Khalati alikuwa nazo hadi zinamvamia njia. Akatupa magunia, akashukuru.

Hazisahauliki, hilo lijulikane. Zinataka maji matamu hadi zishike, zinataka kupalilia mwanzoni, na zikishashika zinataka kukatwa. Khalati aliniuliza mbele ya watu kama nitakuwa napanda basi kila mwezi kuja kuzikata. Tumemwajiri kijana wa mtaa wa pili, na ninachangia.

Kwa sasa ua hauna sura. Upande mmoja kijani kisichobadilika, chenye mshono ambao ni sisi tu tunaojua ulipo. Upande wa pili mistari ya vikonyo kwenye mchanga, na wajukuu wamekatazwa kupita, na wanapita. Khalati anasema upande wa plastiki ni wa watoto na upande wa Pemba ni wake, ataweka kiti chake hapo zikijaza.

Ukingo wa upande wa bahari bado haujaguswa. Misumari iliyopakwa zinki iliyoushikilia imeota kutu na kuacha mabaka ya rangi ya chai juu ya nyuzi. Fundi wa boti wa Mtwapa ametuahidi ya chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, lakini haijafika, na kusi imekwisha kuanza kuvuma, kwa hiyo Khalati ameukandamiza ukingo kwa mawe na ndoo ya gundi iliyobaki.